Makabaila wa Uani na Kimya cha Zuhura

Mama Zuhura,

Barua zote nilizowahi kuandika zinaanza kwa kumuuliza mtu hali yake na kumwambia kwamba mimi sijambo. Kwako siwezi. Hali yako naijua, nilikuwepo siku walipokutoa mlangoni. Na nikisema sijambo nitakuwa nadanganya, na wewe uongo wangu uliujua kabla sijaumaliza. Basi nianze na ukweli: nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Nimechoka mpaka kwenye vidole, na kazi yangu mimi ni ya vidole.

Naandika ofisini, saa ya chakula, kwenye karatasi iliyokosewa upande mmoja. Wenzangu wametoka kutafuta mihogo. Mashine nimeifunika, naandika kwa mkono, maana barua iliyopigwa mashine ungedhani nakuletea malalamiko ya bomba.

Na bomba lenyewe linatoa hewa. Pale nyumbani mambo yapo, ila yamelegea. Kwenye duka la ushirika siku hizi tunapanga foleni mchana kutwa, na unga tunaoupata ni ule ule wa yanga, wa mahindi ya njano, uliokuwa unausema kwamba ni chakula cha kuku wenye makosa. Sukari ilikuja mara moja, ikaishia kwa mtu wa mbele yangu. Mama Rehema wa chumba cha nyuma ndiye anayegawa zamu za kufagia sasa, na hakuna anayemtii, kwa sababu anaomba. Wewe hukuwa unaomba. Ulikuwa unataja jina la mtu, basi, na uani unafagiwa.

Vitabu vyetu viko chini ya kitanda changu, kwenye lile sanduku la mbao. Sijagusa hata kimoja tangu uondoke. Kina mama waliniuliza, "Dada Aika, ndiyo hatusomi tena?" Nikasema macho yananisumbua. Mama Rehema akanitazama, akaokota ufagio wake. Anajua macho yangu hayana kitu.

Kwenye matanga watu wa kwenu walioshuka kutoka Kilwa waliniuliza mimi ni nani wako. Nikajibu, mpangaji. Ningesema nini? Kwamba mimi Mchaga wa Kanisani na wewe mama mwenye nyumba, kungwi na mshenga, tulikuwa tunakaa uani tukisoma habari za makabaila wa Uingereza wanaoposa wasichana kwenye mvua? Wangenionea huruma. Mpangaji ni jibu linaloeleweka.

Unakumbuka ilivyoanza? Ilikuwa Jumapili, nimetoka ibadani, nimekaa kwenye kigoda na kitabu nilichonunua kwa yule mzee anayetandika vitabu vikuukuu kwenye gunia kule Mnazi Mmoja. Wewe ulikuwa kwenye mbuzi, unakuna nazi. Ukaniuliza, "Hicho kitabu kinakuchekesha nini peke yako?" Nikakueleza kwamba kuna lodi mmoja, mtu wa jumba kubwa na mashamba, anamtaka binti ambaye baba yake kafilisika.

"Kamwona wapi?"

"Kwenye ngoma."

"Ngoma gani? Wanaume na wanawake pamoja?"

"Pamoja."

"Wameshikana?"

"Mikono."

Ukaiweka nazi chini. "Endelea," ukasema.

Tangu hapo sikusoma tena peke yangu. Nilikuwa nasoma Kiingereza kwa macho na kusema Kiswahili kwa mdomo, mstari kwa mstari, na wewe ulikuwa unanisimamisha kila baada ya mistari miwili kuuliza mambo ambayo mwandishi hakuyafikiria. Nani alipeleka posa? Mshenga wake yuko wapi? Binti ana shangazi, mbona hajaulizwa? Nusu ya ndoa za Kariakoo na Magomeni zilipita mikononi mwako, hukuwa tayari kuona mtu anaoa kienyeji eti kwa sababu yeye ni lodi.

Na hukumu zako! Mimi shuleni nilifundishwa kwamba kitabu kizuri ni kile chenye lugha nzuri. Wewe lugha ulikuwa unaisikia kwangu tu, tena iliyopondwapondwa. Ulihukumu ndoa. Hadithi zile zote zinaishia harusini, na ulikuwa unachukia sana. "Kitabu kimeishia mlangoni," ulikuwa unasema, "hapo ndipo mimi naanza kazi." Kisha unafikiri, unatoa hukumu: hii itadumu, huyu bwana anamsikiliza mtunza farasi wake. Hii haifiki mwaka, mwanamke anapenda nyumba kuliko mtu. Hii itadumu lakini watakuwa wanalala vyumba viwili. Kitabu ambacho ndoa yake uliipa uhai mrefu ndicho kizuri, na kingine chochote, hata kiwe kimeniliza, ulikuwa unasema nimrudishie mzee wa Mnazi Mmoja.

Tuligombana sana kwa neno moja. Mimi nilikuwa nasema kabaila, kwa sababu ndilo neno la redio na la darasa la watu wazima, na kwa kweli mtu mwenye kijiji kizima kinachomlimia utamwitaje? Wewe ulitaka mwinyi. "Kabaila hapendi," ukaniambia. "Mwinyi anaweza kupenda. Chagua neno kabla hujafungua kitabu." Mwisho tukapatana kwamba kila lodi aanze kama kabaila, na siku akifanya jambo la kiutu tumpandishe cheo awe mwinyi. Wengine walikufa makabaila. Mmoja tulimpandisha tukamshusha mara mbili, yule aliyemrudishia binti farasi wake halafu akamnyima barua za dada yake.

Ndipo mjumbe wa nyumba kumi akatutembelea. Alisimama pale penye kizingiti cha uani na mkoba wake, akasema, "Ndugu zangu, nasikia hapa mnasoma habari za makabaila." Nilifungua mdomo nijitetee, wewe ukawa umeshajibu. "Tunawasoma tuwajue, ndugu mjumbe. Jana mmoja kaanguka kwenye farasi, tumefurahi nyumba nzima. Kaa." Akakaa mpaka mwisho wa sura. Baada ya siku chache alinisimamisha penye bomba, akaangalia huku na huku, akaniuliza kama yule bwana wa farasi alipona.

Nacheka naandika. Nisamehe, si kwamba nimesahau uliko.

Na mahari, je? Hilo lilikuwa kosa langu, au la kamusi yangu. Kwenye kitabu baba wa binti anatoa fedha kumpa mwoaji, nami nikaita mahari. "Umesoma vibaya," ukasema. Nikasoma tena, yakawa yale yale. Basi ukaamua kwamba binti ana kasoro, maana baba hamlipi mwanaume bure. Kitabu kizima ulikuwa unaingoja kasoro itoke. Akikohoa, "Ndiyo hiyo." Akikaa peke yake dirishani, "Ndiyo hiyo, kichwa." Akaolewa mzima wa afya, na wewe ukasema wameificha, washenga wabaya ndivyo wanavyofanya.

Lakini lililonifanya nichukue kalamu leo ni kile kitabu ulichokipa jina la Bwana Mguu, kwa sababu lodi wake alirudi vitani anachechemea. Nataka nikikumbushe vizuri, maana ndicho kilichonitia matatani.

Bwana Mguu alimfuata binti bustanini, akamwomba amwoe. Binti akatazama miti, asiseme neno. Sura ikaisha. Wewe ukapiga makofi. "Kakubali! Hongera yake." Nikasema hapana, hajajibu. Ukanitazama ulivyozoea kunitazama nikipika mchicha bila nazi. "Mwali hajibu, Aika. Kimya chake ndiyo ridhaa yake. Hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua hilo." Nikakwambia kwa wale Waingereza kimya ni kukataa kwa adabu. Uani ukagawanyika. Wazee wote upande wako, Mama Rehema upande wangu, na Zuhura wako, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akasema polepole, "Mimi naona hajakubali." Ukamwambia achambue mchele.

Sura iliyofuata binti akakataa. Ulikasirika wewe! Ulisema kitabu hakina adabu, ukasusa, ukawa unapita uani na ndoo yako bila hata kugeuza shingo. Kisha siku moja ukarudi, ukakaa, ukavuta mbuzi yako, ukaanza kutusimulia wewe mwenyewe, bila kuulizwa, namna ulivyoposwa. Kwamba asubuhi ile ulikuwa na jino, gego la kushoto, shavu limevimba, na bibi yako alikuwa amekushindilia karafuu akakuonya usifungue mdomo zisitoke. Kaka yako Shomari akaingia na salamu za baba, akakuuliza kama unamtaka mwana wa fulani. Ukanyamaza. Akatoka, akasema amekubali.

Tulicheka mpaka Mama Rehema akamwaga chai. Na wewe ulicheka pamoja nasi. Halafu ukasema, unakuna, hututazami: "Sikumchukia marehemu. Alinitunza. Lakini waliniuliza siku ambayo sina mdomo." Ukatupa kifuu pembeni. "Haya, soma basi," ukasema, na mimi nikasoma.

Sasa nikupe habari.

Hata arobaini yako haijapoa, ikaja posa ya Zuhura. Mwoaji ni Hamisi, yule fundi redio wa mtaa wa Narung'ombe, mrefu, anayekaza macho akizungumza na mtu. Baba mdogo wa Zuhura aliyeko Kilwa alituma neno kwamba kaka yako Shomari asimamie kila kitu, na Mzee Shomari akaja kutoka Magomeni na kofia mpya. Simlaumu. Alisema mtoto wa kike hawezi kubaki peke yake kwenye nyumba ya wapangaji, na kwamba Ramadhani iko karibu, afadhali jambo liishe kabla ya mfungo.

Wageni walikaa barazani. Zuhura alikuwa chumbani kwako, kwenye mkeka, na shangazi zake. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la vikombe. Mzee Shomari akaingia, akainama, akamuuliza. Zuhura akatazama mkeka. Shangazi mmoja akatabasamu. Kaka yako akangoja kidogo, akanyooka, akapita karibu yangu, akatoka barazani akasema amekubali. Fatiha ikasomwa. Mimi nilibaki na sinia mkononi, chai inapoa.

Mama Zuhura, wote mle ndani waliona mwali mwenye haya. Mimi niliona binti aliyelelewa kwenye vitabu vyangu, aliyekaa pembeni ya mchele akasema hajakubali. Nikajua, au nikadhani najua, kwamba amekataa kwa lugha ambayo pale ndani ninayeielewa ni mimi tu. Na anaolewa.

Nilimuuliza. Usidhani sikumuuliza. Nilimfuata jikoni nikamwambia, "Zuhura, mwenzangu, kile kimya kilikuwa cha nini?" Akasema, "Dada, niache kwanza," akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa inang'aa tayari. Nikarudi tena kesho yake, akawa amelala, au amejifanya amelala. Nikachukulia kwamba naye amenithibitishia.

Basi nikaona angalau nimsome mwanaume, kwa macho yako. Nilichukua redio yangu, nzima kabisa, nikaipeleka Narung'ombe. Nikasema inakoroma. Hamisi akaifungua, akaichungulia, akaigusa hapa na pale, akaifunga, akaifuta vumbi kwa kitambaa.

"Dada, hii haina ugonjwa," akasema. Halafu bila kucheka, "Kama umekuja kunitazama, basi nitazame. Kiti hicho hapo."

Nikakaa. Nilimtazama akifanya kazi mpaka aibu ikaniisha. Akaja bibi mmoja na redio iliyokufa, akamwambia ukweli kwamba haitapona, akamrudishia. Hakupandisha sauti kwa mtu yeyote, wala hakujipendekeza kwangu. Ungempandisha cheo siku hiyo hiyo. Nikarudi nyumbani nimekasirika, kwa sababu nilitaka awe mbaya. Angekuwa mbaya kazi yangu ingekuwa nyepesi. Sasa ilikuwa mwanaume mwema na msichana asiyemtaka, na hilo hata kwenye vitabu huwa gumu.

Nilikaa siku kadhaa nabishana na wewe kichwani. Kazini napiga mashine, narudia mstari ule ule. Mzee Shomari ndiye mwenye sauti kwenye nyumba sasa, na alishamwambia Mama Rehema kwamba mpangaji anayemjaza mtoto mambo ya Kizungu atafute chumba kwingine. Hakunitaja, lakini mle ndani nani mwingine ana sanduku la vitabu? Kupata chumba Kariakoo unajua kulivyo. Nilijiambia ninyamaze, nimechoka, si mwanangu, si dini yangu, si ukoo wangu. Halafu nikikutana na Zuhura koridoni na ndoo, anatembea unavyotembea wewe, nashindwa.

Jumamosi mchana nikaenda Magomeni.

"Shikamoo, Mzee Shomari."

"Marahaba, binti. Karibu. Kuna nini nyumbani?"

Nikamwambia hakuna baya. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Zuhura, kwamba naona kile kimya hakikuwa ridhaa, kwamba namwomba amuulize tena, na safari hii ajibu kwa mdomo wake. Nilisema vibaya, kwa haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, na upole wake ulinichoma kuliko angefoka, "Binti, wewe ni Mkristo, hujaolewa, na kwetu si ndugu. Umekuja kunifundisha kimya cha mwali? Hayo ni ya vitabu vyenu vya makabaila. Marehemu dada yangu nilimwambia."

Nilikuwa nimekwishainuka. Nilikuwa nimeshakubali kushindwa, kwa kweli, na kulikuwa na raha fulani ya uchovu ndani yake. Ndipo likanitoka. "Mzee, dada yako siku ile alikuwa na karafuu kwenye jino."

"Siku gani?"

"Siku uliyoingia kumuuliza."

Alinitazama. Nikamweleza yote, shavu, bibi yenu, karafuu, onyo la kutofungua mdomo. Nilimwambia kwamba ulitusimulia ukicheka na kwamba ulisema marehemu mumeo alikutunza, nisimwache na sumu. Na nikamwambia lile la mwisho, la kuulizwa siku huna mdomo. Sijui kama ungetaka alisikie. Wewe mwenyewe hukuwahi kumwambia miaka yote hiyo, na mimi nimemwambia kwenye mkeka wake, mchana, mbele ya mkewe. Ukikutana naye huko mtasemezana.

Mzee Shomari akavua kofia, akaishika. Mkewe akaleta maji, hakuyanywa. Alikaa kimya muda mrefu, na mimi, bingwa wa kusoma vimya, nilishindwa kujua hicho kilikuwa cha hasira au cha nini. Mwisho akasema, "Nilidhani ana haya." Akarudia tena, "Nilidhani dada ana haya." Nikaaga nikaondoka. Njiani niliwaza nianze kufunga vitu vyangu.

Ijumaa, baada ya swala, akaja. Alikuja peke yake. Alikaa uani kwenye kigoda, hakutaka chumbani, akaagiza Zuhura aitwe, na sisi wote akatuacha tubaki. Zuhura akaketi mkekani, ushungi umemfunika mpaka usoni.

"Mwanangu," kaka yako akasema, "nilikuuliza, ukanyamaza, nikatoka nikawaambia watu umekubali. Leo kimya hakinitoshi. Hata ikiwa ni hapana, fungua mdomo, mimi nitaibeba."

Zuhura akanyamaza. Akanyamaza mpaka Mama Rehema akaanza kujisogeza. Na mimi, Mungu anisamehe, ndani yangu nilikuwa nasema, mnaona? Mnaona sasa? Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nakwambia wewe, si wao.

Kisha akasema, "Mjomba, mimi nilikuwa namngoja mama."

Hakuna aliyeelewa. Akaendelea, sauti imeingia ndani. Alisema tangu azaliwe, mtu akimuuliza jambo, mama ndiye aliyejibu kwanza. Kama amekula, kama ana homa, kama anataka shule, mama alishajibu. Alisema siku ile mjomba alipomuuliza, alikaa kungoja. "Nilisikiliza kule kitandani kwake. Nikasema sasa hivi atajibu. Hakujibu mtu. Na nilipoona hakujibu mtu ndipo nikajua kweli amekufa. Mengine sikuyasikia."

Mama Zuhura. Niliziba uso kwa khanga.

Alilia kwa mara ya kwanza, maana kwenye matanga hakulia, na tulikuwa tunamsifu kwamba ni mvumilivu. Alipotulia akasema, "Hamisi namtaka. Alinitengenezea redio kabla mama hajaugua, namjua. Lakini kabla ya Ramadhani siwezi. Niacheni nimlie mama kwanza. Nikimaliza nitawaita mwenyewe."

Kaka yako akasema, "Utatuita." Akanyanyuka, akaenda mwenyewe mpaka Narung'ombe kuwaeleza upande wa mwoaji, na nasikia Hamisi alijibu kwamba yeye hana haraka. Akipita mlangoni Mzee Shomari aliniambia, "Binti Aika, chumba chako kina dirisha linalovuja, nitaleta fundi." Sijui kusoma sentensi hiyo zaidi ya ilivyo.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Wewe ungesema kakubali. Mimi nilisema kakataa, nikaenda mpaka Magomeni kwa imani hiyo, nikamfumua mzee wa watu moyo. Na mtoto alikuwa anakulilia tu. Vitabu vyote vile, Mama Zuhura, ndoa zote zile zilizopita mikononi mwako, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu amefiwa.

Mimi pia nimefiwa. Hilo sijalisema mahali popote, kwa sababu mpangaji hafiwi na mama mwenye nyumba. Nimelisema sasa.

Wenzangu wanarudi, nasikia viatu kwenye ngazi. Mungu wako na wangu, ambaye nadhani anatushangaa sote wawili, akupumzishe mahali pasipo foleni. Mimi nitabaki pale nyumbani, nitapanga foleni ya unga, nitasugua sufuria zangu. Na siku Zuhura atakapowaita, nami nikiwa nimekaa pale uani, na mjomba wake akamuuliza mbele ya watu, nakuahidi kitu kimoja: hata akichelewa, hata wakianza kunitazama mimi, sitamjibia. Nitafunga mdomo wangu. Na wewe huko uliko, tafadhali sana, ufunge wako.

Mpangaji wako,
Aika